Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu Kinapomwita Mtoto Aliye Bado Shuleni

Mwezi huu nimeziweka pamoja barua nne zinazohusu jambo moja, nalo ni programu ambazo vyuo vikuu huwaandalia watoto wa shule ili waonje elimu ya juu kabla ya wakati wao. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake yuko karibu kufanya uamuzi ambao hawezi kuurudisha nyuma.

*

Mhariri, salaam. Binti yangu yupo kidato cha tatu, na hisabati ndiyo somo analolipenda kuliko yote. Wiki tatu zilizopita alipokea barua pepe ikimweleza kwamba ameteuliwa kushiriki programu ya wiki mbili inayofanyika mwezi Julai katika chuo kikuu mashuhuri nchini Marekani. Ada ni dola 5,900, nauli mbali, na arubuni inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nina kiwanja kimoja nje kidogo ya mji ambacho nilikiweka kwa ajili ya uzee wangu. Mke wangu anasema tusubiri, lakini mimi naogopa kumnyima mtoto bahati yake. Je, akihudhuria atapata nafasi ya kusoma katika chuo hicho baadaye?
— Mzazi, Morogoro

Ndugu yangu, nakusihi usikiuze kiwanja hicho. Msikilize mama watoto.

Isome tena barua hiyo ukijiuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: binti yako aliteuliwa kwa kazi gani? Kama hakutatua swali lolote, hakuandika insha, na hakuna mwalimu wake aliyeombwa kutoa maoni, basi hakuna aliyemchagua. Jina lake lilipatikana mahali fulani, pengine alipojaza fomu ya mtandaoni, na neno kuteuliwa limewekwa pale ili wewe uone haya kukataa. La pili ni hili: aliyetia sahihi ni chuo chenyewe au ni kampuni? Mwezi Juni hadi Agosti mabweni na madarasa ya vyuo vikuu vya Marekani hubaki wazi, na vyuo vingi hukodisha majengo hayo kwa kampuni binafsi. Kampuni huleta walimu wake, huendesha kozi yake, na kuandika jina la chuo kwa herufi kubwa kwenye tangazo kwa sababu kozi kweli inafanyika ndani ya uzio wa chuo. Hilo si kosa la kisheria, lakini mzazi aliye mbali hudhani analipia kitu kingine.

Zipo pia kozi zinazoendeshwa na vyuo vyenyewe kwa ada kubwa ya namna hiyo hiyo. Hizo ni kozi halali, na baadhi zinafundishwa vizuri, ila mlango wake hufunguliwa zaidi na uwezo wa kulipa. Na kuhusu swali lako la mwisho, jibu ni hapana. Vyuo vikubwa vimeandika wazi katika taarifa zao kwamba kuhudhuria kozi za majira ya joto hakumpi mwanafunzi upendeleo wowote katika udahili. Anayekuambia vinginevyo anataka fedha zako.

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na niliwahi kuona familia ya mwanafunzi wangu ikilipa arubuni kwa wakala mmoja jijini Dar es Salaam, kisha viza ikakataliwa na arubuni haikurudi. Yule kijana hakuvunjwa moyo na viza. Kilichomuumiza ni kuona mama yake akilipa deni hilo kwa miaka miwili. Kwa sababu hiyo nalisema jambo hili kwa ukali kidogo.

Sasa nikueleze programu njema inavyokuwa, maana zipo, na sipendi ufunge mlango kwa hofu. Mwaka 1957 mwanahisabati Arnold Ross alianzisha programu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mwaka 1964 akahamia nayo Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na akaendelea kuifundisha hadi mwaka 2000, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Wanafunzi hukaa wiki sita wakijifunza nadharia ya namba. Hawapewi kanuni na kuambiwa wazikariri: kila siku hupewa karatasi ya maswali, wanachunguza mifano, wanakisia, wanakosea, kisha wanatafuta uthibitisho, na jioni washauri ambao ni wanafunzi wa chuo huzisahihisha kazi zao na kuzirudisha zikiwa na maswali mengine pembeni. Kusudi la Ross lilikuwa kuwazoeza vijana kufikiri kwa kina juu ya mambo yanayoonekana mepesi. Programu ya PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston, iliyoanza mwaka 1989, imezaliwa na wazo hilo hilo. Zote mbili hutoza ada lakini hutoa msaada kwa familia zenye uhitaji, na zote mbili humtaka mwombaji atume majibu ya maswali magumu ambayo huenda yakamchukua majuma kadhaa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na barua uliyoipokea: huku mtoto huulizwa anachoweza kufikiri kabla mzazi hajaulizwa anachoweza kulipa.

Zipo pia zisizotoza ada kabisa. Taasisi ya Utafiti wa Sayansi iitwayo RSI, iliyoanza mwaka 1984 na ambayo hufanyika katika chuo cha MIT, humweka kila mwanafunzi chini ya mtafiti kwa wiki sita, na mwishoni mwanafunzi huandika ripoti ya utafiti na kuiwasilisha mbele ya watu. Gharama yake kwa familia ni nauli. Chuo Kikuu cha Yale nacho kimekuwa kikiendesha programu ya vijana wa Afrika walio sekondari, iitwayo Yale Young African Scholars, bila ada ya kushiriki. Ushindani wa programu hizi ni mkali sana, na sitaki kukupa matumaini ya uongo. Lakini kujaribu hakuhitaji kiwanja. Ukumbuke tu kwamba Julai ni muhula wa pili kwetu, na mtoto atakayekuwa kidato cha nne mwakani hapaswi kuondolewa darasani kwa wiki sita bila mkuu wa shule kukubali kwa maandishi.

Kwa sasa ningependa ufanye jambo moja dogo. Maswali ya kuombea nafasi ya Ross na PROMYS huwekwa wazi kwenye tovuti zao kila mwaka. Yachapishe, mpe binti yako pamoja na daftari jipya, na umwache nayo kwa mwezi mzima. Usimhimize, na usimpeleke kwa mwalimu wa tuisheni ayatatue kwa niaba yake. Akirudi kwako akiwa ametatua swali moja kwa njia yake mwenyewe na anataka kukueleza, utajua una mtoto wa aina gani. Muulize pia kama shule yake inashiriki maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, ambako wanafunzi hupeleka tafiti zao wenyewe na ambako washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Tena mnaishi Morogoro, mji ambao una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984. Kabla ya kuvuka bahari, nenda naye hadi idara inayofundisha hisabati, na umwache aulize mwenyewe kama kuna mhadhiri aliye tayari kumsikiliza kwa nusu saa.

*

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu wetu alituambia kwamba duniani kuna vyuo vikuu vinavyofundisha watoto. Mimi napata wastani wa C, isipokuwa baiolojia. Nataka kujua, hivyo vyuo ni vya vipanga tu?
— Mwanafunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Swali lako limewagawa hata wataalamu, na hawajapatana hadi leo, kwa hiyo nitakueleza pande zote mbili.

Upande wa kwanza ulianza Baltimore, Marekani. Mwaka 1968 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Julian Stanley, alikutana na mvulana wa miaka 12 aitwaye Joseph Bates ambaye shule ilikuwa haimtoshi. Stanley akampa mtihani wa SAT, ambao hufanywa na vijana wanaokaribia kuingia chuo, na mvulana akaufanya vizuri kuliko wengi wa vijana hao. Mwaka uliofuata akaanza masomo ya chuo kikuu akiwa na miaka 13. Hapo Stanley akapata wazo ambalo bado linatumika. Mtihani wa kawaida wa darasa una dari: watoto wawili wanaweza kupata 98 wote wawili, mmoja akiwa amefika kikomo cha uwezo wake na mwingine akiwa hajaanza hata kutoka jasho, na karatasi isiwatofautishe. Ukiwapa mtihani wa ngazi ya juu kuliko darasa lao, dari inaondoka. Mwaka 1971 alianzisha utafiti wa kuwafuatilia watoto wa namna hiyo, ambao kwa miongo kadhaa umewafuatilia watu wapatao 5,000, na mwaka 1979 chuo kikaanzisha kituo cha kuwafundisha, ambacho leo kinaitwa Center for Talented Youth. Waliopita humo ni pamoja na Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, na mwanamuziki Lady Gaga.

Upande wa pili ulianza Ujerumani, katika mji wa Tübingen, mwaka 2002. Chuo kikuu cha mji huo, ambacho kilianzishwa mwaka 1477, kilishirikiana na gazeti la mji kuwaalika watoto wa kati ya miaka 7 na 12 kusikiliza mihadhara ya maprofesa halisi katika kumbi halisi za chuo. Hapakuwa na mtihani wala alama, na mtoto aliingia kwa kuwa alikuwa na umri huo na alitaka kujua. Mada zilikuwa maswali ambayo watoto huyauliza: kwa nini volkano hutema moto, kwa nini dinosau walitoweka, kwa nini kuna matajiri na maskini, kwa nini binadamu hufa. Watoto walijaa ukumbini, na miji mingine ya Ulaya ikaiga haraka. Vienna ilianza mwaka 2003.

Mimi namheshimu Stanley, kwa sababu mtoto anayechoshwa na darasa huteseka kweli, na shule zetu hazimwoni. Lakini kama ningepewa fedha za kuanzisha programu moja tu katika nchi yetu, ningeanza na mfano wa Tübingen, kwa sababu mtihani hupima pia shule ambayo mtoto aliipata. Mtoto wa shule isiyo na maabara na mtoto wa shule yenye maabara tatu hawapimwi na karatasi ile ile kwa haki. Wewe, mwanangu, umeniandikia kwamba unapata C isipokuwa baiolojia. Hukuniambia baiolojia unapata nini, wala hukuniambia ni jambo gani la baiolojia linalokufanya usahau chakula. Niandikie barua ya pili na unieleze hilo.

*

Ndugu mhariri, mimi ni mama kutoka Uvira, Kongo, na sasa tunaishi Kentucky, Marekani, kama wakimbizi. Mtoto wangu anamaliza darasa la nane. Shule imempa karatasi ya programu inayoitwa Upward Bound, inayosema atakwenda chuo kikuu siku za Jumamosi, na majira ya joto atalala huko wiki sita. Hawasemi bei. Mimi naona hii ni ya watoto walioshindwa, na pia naogopa mtoto kulala kwa watu nisiowajua. Nikatae?
— Mama Mkongomani, Kentucky

Pole kwa safari, mama, na hongera kwa kufikisha mtoto hapo. Usikatae kabla ya kuonana nao. Hawasemi bei kwa sababu haina bei.

Programu hiyo ni ya serikali ya Marekani, na fedha hutoka Wizara ya Elimu kwenda kwa vyuo na taasisi zinazoiendesha. Ilizaliwa na sheria ya mwaka 1964 iliyopitishwa wakati wa Rais Lyndon Johnson katika vita vyake dhidi ya umaskini, na madarasa ya kwanza ya majira ya joto yalifanyika mwaka 1965. Haikusudiwi kwa watoto walioshindwa. Inawalenga watoto wa familia zenye kipato kidogo na watoto ambao wazazi wao hawana shahada ya kwanza, yaani watoto ambao nyumbani hakuna mtu aliyewahi kupita njia ya chuo na anayeweza kuwaonyesha. Mwigizaji Viola Davis, aliyekulia katika umaskini huko Central Falls, Rhode Island, alipita katika programu hii. Mkimbizi aliyepokewa rasmi anaruhusiwa kuomba, si lazima awe raia.

Mtoto hufundishwa hisabati, sayansi ya maabara, uandishi, fasihi na lugha ya kigeni. Husaidiwa kujaza fomu ya msaada wa masomo iitwayo FAFSA, ambayo wazazi wengi wageni huiogopa. Na programu inaruhusiwa hata kumpa posho ndogo ya kila mwezi. Tena mtoto hubaki nayo miaka yote ya haiskuli, jambo ambalo naliona lina uzito kuliko yale majengo mazuri. Wiki mbili za kutembelea chuo zinafurahisha. Miaka minne ya kuwa na mtu anayemjua mtoto wako kwa jina na kumuuliza kwa nini alama ya aljebra imeshuka ni kitu kingine kabisa.

Hofu yako ya malazi ni ya mzazi anayejali, na usiione aibu. Omba kuliona bweni kabla hajaenda. Uliza nani analala katika jengo hilo usiku akiwasimamia, wavulana na wasichana wametenganishwa vipi, mtoto anaruhusiwa kukupigia simu saa ngapi, na kama anaweza kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Una haki ya kumtaka mkalimani wa Kiswahili katika mkutano huo; usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri, kwa kuwa yeye anataka useme ndiyo. Na kwa kuwa fedha za programu hupangwa na Bunge lao, muulize msimamizi kama za mwaka ujao zimeshathibitishwa.

*

Mhariri, mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya kutwa. Umbali wa kilomita ishirini kutoka shuleni kuna chuo kikuu ambacho wanafunzi wangu hawajawahi kuingia. Ningependa wapate hata juma moja pale wakati wa likizo ya Agosti. Naanzia wapi, bila wafadhili?
— Mwalimu, Bungoma

Mwalimu, una mfano mzuri karibu nawe. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Maseno kilianza kambi ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, ya juma moja, ikiendeshwa na wahadhiri, wanafunzi wa chuo na watu waliojitolea kutoka ndani na nje ya Kenya. Waliamua tangu mwanzo kwamba kambi haitakuwa marudio ya silabasi. Wanafunzi hukaa kwenye kompyuta na kuchora maumbo kwa programu ya GeoGebra, hutunga na kuvunja maandishi ya siri, hukusanya takwimu zao wenyewe na kubishana juu ya maana yake. Kambi za mfano huo zimefanyika pia katika nchi nyingine za Afrika.

Nakushauri usianze na ofisi ya makamu wa chansela, kwa sababu barua yako itakaa huko hadi likizo ipite. Anza na mhadhiri mmoja wa hisabati au takwimu, na uende kwake ukiwa na ombi dogo linaloweza kukubaliwa siku hiyo hiyo: wanafunzi 30, siku tano, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, chumba kimoja cha kompyuta na vyumba viwili vya kawaida. Shule yako ni ya kutwa, kwa hiyo watoto warudi nyumbani jioni. Ukiondoa malazi unaondoa sehemu kubwa ya gharama, na zaidi ya hapo unaondoa hofu ya wazazi. Kitakachobaki ni nauli na chakula cha mchana, na hayo mkutano wa wazazi unaweza kuyazungumza.

Waombe wanafunzi wa chuo wa mwaka wa pili na wa tatu wawe viongozi wa vikundi, mmoja kwa kila watoto watano au sita. Nimeliona mara nyingi: mtoto aliye kimya mbele ya profesa humuuliza kijana wa miaka 21 swali lolote, hasa akigundua kwamba alisoma shule ya kutwa kama yake. Wape viongozi hao siku moja ya maandalizi kabla ya kambi, na uwasisitizie jambo moja, kwamba wasitoe jibu haraka. Wakufunzi wetu wengi walifundishwa kwa chaki na ubao, na mkono wao hukimbilia ubaoni mtoto anapokwama. Akae na swali. Siku ya pili ndipo vikundi huanza kupiga kelele za kweli.

Kuhusu uchaguzi wa watoto, usichukue 30 wa kwanza katika orodha ya mtihani. Tangaza kambi darasani, weka swali moja la kufikirisha kwenye ubao wa matangazo kwa juma zima, na umpokee kila atakayekuletea jaribio lake lililoandikwa kwa mkono wake, hata likiwa na makosa. Hakikisha nusu ni wasichana. Wakizidi 30, piga kura mbele yao wote, na uwaandikie waliokosa kwamba wao ndio wa kwanza katika kambi ya mwaka ujao.

Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya somo lolote, mwombe mhadhiri awapitishe maktaba na awaruhusu kila mmoja kuchukua kitabu rafuni na kukifungua.